Mhasibu wa Calcutta na Nyanya za Kwashemshi

Nianze kwa kukiri jambo. Jina la Raman nililifahamu mwaka wa pili kama tunavyofahamu majina mengi ya kwenye madesa: neno la kukariri kabla ya mtihani, ukitoka nje unaliacha hukohuko ndani pamoja na kalamu iliyokwisha wino. Kwamba lilikuwa jina la mtu aliyekuwa na mke, bosi, hasira na mshahara wa kupigia hesabu, sikuwahi kufikiria. Aliyenifanya nimtafute ni shangazi yangu, anayeuza nyanya Kwashemshi.

Kwa wasiopajua, Kwashemshi ni kata ya wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, nchi ya mkonge. Ile barabara inayotoka Soni, ikapita Bumbuli na Dindira, inashukia kwetu kabla ya kufika Korogwe, kwa hiyo mboga za mlimani tunaziona zikipita, na nyingine zinabaki. Likizo iliyopita nilimkuta shangazi amekaa kwenye kigoda anafuta nyanya moja moja kwa kipande cha kanga. Zilikuwa na madoa meupe, kama vumbi la chaki. Akanieleza kwamba mteja akiyaona hanunui, asipoyaona ananunua, basi yeye anafuta. Kisha akaniuliza, maana mimi ndiye ninayesomea sayansi kwa bumu la serikali na michango ya ukoo, kama naweza kumwambia dawa ile ikishafutwa huwa imekwisha au bado ipo.

Nilibabaika. Nilijua kwamba madoa yale yangeweza kuwa ni dawa ya ukungu, au yakawa vumbi tu la njiani. Nilijua pia kwamba nyanya inayong'aa inaweza kuwa na sumu kuliko yenye madoa, kwa sababu kuna viuatilifu vinavyoingia ndani ya mmea wenyewe, na huko kanga haifiki. Kwa hiyo macho ya mteja yanamdanganya pande zote mbili. Kupata jibu la kweli, nyanya ingebidi isafirishwe hadi maabara, Arusha au Dar es Salaam, isagwe, ichujwe, ipitishwe kwenye mashine ya bei mbaya yenye mtaalamu wake, na majibu yarudi Kwashemshi wakati nyanya zenyewe zimeshaliwa zamani. Nikamwambia shangazi azioshe kwa maji mengi. Akanitazama kama mtu aliyelipia nauli ya basi akashushwa njiani.

Niliporudi chuoni nikaanza kusoma kama kuna njia ya kuijua sumu palepale sokoni. Ipo njia inayofanyiwa utafiti sehemu nyingi duniani: unachukua chembe ndogo mno za madini ya fedha au dhahabu, unaziweka juu ya ganda la tunda, unamulika kwa leza, na mwanga unaorudi unakutajia ni kemikali gani iliyopo. Kila makala niliyofungua ilianza na jina lilelile la kwenye desa. Ndipo nikamgeukia mwenye jina.

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 karibu na mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India, enzi za Mwingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, na mtoto alipokuwa bado mdogo familia ilihamia Visakhapatnam, mji wa pwani, baba alikopata kazi chuoni. Nyumba ya mwalimu: fedha kidogo, vitabu vingi. Raman alimaliza sekondari akiwa na miaka 11. Mwaka 1904 alipata shahada ya kwanza pale Presidency College, Madras, akiwa wa kwanza na medali ya dhahabu ya fizikia, umri ambao wengi wetu tulikuwa tunahangaika na kidato cha tatu. Alikuwa mwembamba, wa afya ya mashaka.

Novemba 1906, akiwa bado mwanafunzi wa uzamili, makala yake ilitoka katika Philosophical Magazine la London. Ilihusu jinsi mwanga unavyotawanyika ukipita kwenye uwazi wa pembe nne. Aliiandika peke yake na alikuwa na miaka 18. Hapa nawaomba radhi wenzangu wa kazi za kikundi, zile ambazo watu wanane wanaandika majina na wawili ndio wanaokesha kwenye vimbweta. Walimu wake walishagundua kwamba kijana huyu ukimwacha na vifaa atajifundisha mwenyewe, wakamwacha.

Mtu wa namna hiyo kwa kawaida alipelekwa Uingereza. Lakini daktari wa serikali alimpima akasema baridi ya kule ingemuua. Basi akabaki, na kwa kuwa mtu lazima ale, akafanya mtihani wa kuingia idara ya fedha ya serikali ya India, akaufaulu kwa kishindo. Mwaka 1907 alimwoa Lokasundari, na mwaka huohuo wakahamia Calcutta, yeye akiwa msaidizi wa mhasibu mkuu. Kazi ya uhakika, mshahara mnono, pensheni. Kwa ukoo wowote, wa Tiruchirappalli au wa Kwashemshi, hapo kijana ameshafika.

Yeye hakuona hivyo. Siku moja akiwa kwenye tramu kuelekea nyumbani aliona kibao cha jengo moja mtaa wa Bowbazar: chama cha Wahindi cha kuendeleza sayansi. Daktari Mahendralal Sircar alikianzisha mwaka 1876 kwa michango ya watu, kwa ndoto kwamba Wahindi wafanye utafiti wao wenyewe nyumbani kwao. Sircar alikwisha kufa. Jengo lilikuwepo, ukumbi ulikuwepo, vifaa vilikuwepo na vumbi juu yake. Watafiti ndio waliokosekana. Raman alishuka, akagonga, akafunguliwa na Ashutosh Dey, mtu ambaye angekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kuanzia hapo akaishi maisha mawili. Alfajiri yuko maabara, akirudi nyumbani kuoga na kula mbiombio. Mchana kutwa yuko ofisini na vitabu vya mahesabu. Jioni anarudi tena maabara hadi usiku. Serikali ilimhamishia Rangoon mwaka 1909, kisha Nagpur, na huko nako aligeuza chumba cha nyumba yake kuwa maabara. Mwaka 1911 akarudishwa Calcutta. Miaka kumi aliishi hivyo, na katika miaka hiyo kumi hakuna aliyemlipa mshahara kwa fizikia. Mimi huwa nashindwa kumaliza ripoti moja ya maabara nikiwa na wiki mbili na sina kazi nyingine.

Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa uprofesa wa fizikia. Palikuwa na sharti: mwenye kiti hicho awe amesomea ng'ambo. Raman alikataa kwenda kuusaka muhuri wa Ulaya kwa kazi aliyokuwa anaifanya tayari, na chuo kikaliondoa sharti. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa serikali. Akauchukua. Lokasundari alisemaje juu ya bajeti ya nyumba, vitabu nilivyosoma vimenyamaza, na kunyamaza huko kumenikera.

Utafiti wake wa miaka hiyo ulikuwa juu ya ala za muziki. Wengi wanauruka, mimi nimeona ndio mlango wa kila kitu kilichofuata. Alichunguza vinanda vya nyuzi na ngoma za kwao, mridangam na tabla. Ngoma ya kawaida ukiipiga inatoa mchanganyiko wa sauti usiopatana, ndiyo maana tunaitumia kwa mapigo kuliko kwa tuni. Lakini ngoma hizi za Kihindi zimepakwa bandiko jeusi katikati ya ngozi, na Raman alionyesha kwamba bandiko lile linapanga mitikisiko ya ngozi hadi sauti zake zikapatana kama za uzi wa zeze. Mafundi wa ngoma walilijua hilo kwa masikio yao karne nyingi. Yeye alilipimia. Mtu anayejua kwamba uzito kidogo ukiwekwa mahali fulani unabadilisha sauti ya ngoma nzima, tayari ana nusu ya wazo la jinsi ya kuitambua molekuli.

Mwaka 1921 alisafiri kwa mara ya kwanza kwenda Uingereza, mkutanoni Oxford, na baridi haikumuua. Akiwa njiani, rangi ya Bahari ya Mediterania ilimshika. Wakati huo jibu la wakubwa lilikuwa kwamba bahari ni ya buluu kwa sababu inaakisi mbingu. Lilikuwa ni jibu la Lord Rayleigh, na nani abishane na Lord Rayleigh? Raman alirudi nyumbani kwa meli ya Narkunda akiwa na kifaa kidogo mfukoni, prizimu ya Nicol, kipande cha kioo cha asili ambacho ukitazamia kwa pembe fulani kinazima mwanga unaoakisiwa juu ya maji. Akasimama sitahani, akaizima ile mbingu iliyoakisiwa, na bahari haikupoteza buluu yake. Ikazidi. Kumbe maji yenyewe yanatawanya mwanga. Meli ilipofika Bombay barua yake kwa jarida la Nature ilikuwa tayari.

Ninapenda picha hiyo kuliko ile ya Stockholm. Kila aliyewahi kukaa ufukweni Tanga au Pangani ameiona buluu hiyo.

Kutoka 1921 hadi 1928 yeye na wanafunzi wake walikuwa wanatafuta kitu kimoja: mwanga ukipita kwenye maji, kwenye barafu, kwenye mvuke, unatawanyikaje? Mwaka 1923 mwanafunzi wake Ramanathan aliona kwamba katika mwanga uliotawanyika kulikuwa na kijirangi dhaifu kisichokuwa kwenye mwanga ulioingia. Walidhani ni uchafu wa kimiminika. Wakasafisha, kikabaki. Wakasafisha tena, kikabaki. Fikiria kuishi na kero hiyo miaka mitano. Wengi tungeandika kwenye ripoti kwamba ni makosa ya kifaa tukaendelea na maisha.

Mapema 1928 Raman alimrudisha K. S. Krishnan kwenye majaribio hayo, na Krishnan akakesha nayo. Chanzo cha mwanga kilikuwa jua, likikusanywa na darubini. Vichujio vya rangi viwili: kimoja njiani kabla ya kimiminika, kiruhusu zambarau peke yake, kingine baada yake, kizuie zambarau hiyo. Kama hakuna jipya linalotokea ndani ya chupa, mtazamaji hataona kitu. Waliona kijani hafifu. Tarehe 28 Februari 1928 walitazama kwa kifaa cha kupambanua rangi, na ile rangi mpya ikasimama peke yake, ikiwa imetengana na rangi ya mwanga ulioingia. Walikijaribu kitu hicho kwenye vimiminika kadhaa wa kadhaa, na katika vyote kilikuwepo. Husimuliwa kwamba vifaa vyote vile vilikuwa vya rupia mia mbili hivi.

Nieleze kwa lugha ya ngoma, kama yeye mwenyewe angeruhusu. Molekuli ni kifurushi cha atomu zilizofungwa kwa viunganishi, na viunganishi hivyo vinatikisika kama ngozi ya ngoma. Mwanga ukiigonga molekuli, karibu wote unaruka na rangi yake ileile. Lakini punje moja ya mwanga kati ya milioni kumi hivi inaitikisa ile ngoma, inaiachia sehemu ya nguvu zake, na inatoka ikiwa na nguvu pungufu, yaani rangi nyingine. Ukipima upungufu huo umejua ngoma ile inatikisika kwa kasi gani. Na kwa kuwa kila molekuli ina atomu zake na mafungo yake, mlolongo wa mitikisiko yake haufanani na wa nyingine. Maji yana ngoma yake, pombe ina ngoma yake, dawa ya ukungu ina ngoma yake. Huhitaji kuisaga wala kuichoma, unaisikiliza tu.

Tarehe 16 Machi Raman alitoa mhadhara Bangalore kuutangaza ugunduzi huo. Alifanya haraka, na haraka ilimfaa: Moscow nako, Landsberg na Mandelstam walikuwa wameona jambo hilohilo ndani ya fuwele mwezi uleule wa Februari, lakini walichelewa kuchapisha. Mwaka 1930 alikuwa na hakika kiasi kwamba alikata tiketi za meli za kwenda Sweden mwezi Julai, yeye na mkewe, kabla tuzo haijatangazwa. Nobel ilikuja Novemba. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Asia kuipata katika sayansi. Kiburi? Ndiyo. Ila nimekutana na kiburi kingi kisichokuwa na tiketi sahihi.

Sitaki mje kuniambia nimeandika wasifu wa mtakatifu, kwa hiyo tusimame hapa kidogo. Krishnan, aliyekesha na vile vichujio, hakuwa kwenye tuzo, ingawa jina lake liko kwenye ile barua ya kwanza iliyotoka Nature. Tuzo inatolewa na wengine, sawa, lakini mwenye maabara alijua nani alikaa gizani akitazama.

La pili ni zito zaidi kwangu. Mwaka 1933 Raman alikwenda kuongoza Taasisi ya Sayansi ya India, Bangalore, Mhindi wa kwanza kuishika nafasi hiyo. Mwaka huohuo binti mmoja aitwaye Kamala Bhagwat, baadaye Kamala Sohonie, mwenye matokeo ya juu kabisa ya kemia na fizikia, aliomba nafasi. Raman alimkataa kwa sababu ni mwanamke. Kamala hakulia kwao. Alikwenda kukaa kwenye taasisi ile kumpinga kwa utulivu, kwa njia ya Gandhi, hadi Raman akakubali kumpokea kwa mwaka mmoja wa majaribio, pamoja na masharti ya kumwudhi mtu yeyote mwenye akili timamu, likiwemo la kwamba asiwasumbue wanaume kwa uwepo wake. Mwaka ukaisha kazi yake ikiwa haina la kuulizwa. Akaenda Cambridge, mwaka 1939 akapata udaktari, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa India kufikia hapo katika sayansi. Milango ya Bangalore ikafunguliwa kwa wanawake baada yake, na Raman mwenyewe baadaye alikuwa na watafiti wanawake maabarani, kama Anna Mani aliyechunguza mwanga wa almasi na yakuti. Dada zangu wa vitivo vya sayansi wanaosoma hapa, mnaambiwaje bado kwenye maabara, mnajua wenyewe. Mtu aliyebaguliwa na baridi ya Uingereza na masharti ya ng'ambo alishindwa kuona kwamba yeye naye ameweka sharti mlangoni.

Utawala wake pale ulivurugika. Alitaka kuinua fizikia haraka, alijaribu kumleta Max Born aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, aligombana na baraza, na mwaka 1937 aliuacha ukurugenzi akabaki profesa. Mwaka 1948 alistaafu akahamia taasisi yake mwenyewe, iliyojengwa kwa michango, na fedha za serikali alizikwepa kwa sababu hakutaka kuandika ripoti za kila mara. Huko alikusanya almasi, magamba ya konokono wa baharini, mabawa ya vipepeo, waridi, chochote chenye rangi ya kuuliza swali. Tarehe 21 Novemba 1970 alifia hapohapo Bangalore. Alikuwa ameomba asirudishwe hospitali na mazishi yake yasiwe na ibada. Alichomwa kwenye bustani ya taasisi, mti ukapandwa mahali hapo.

Na alikufa akiwa na tatizo ambalo hakulitatua. Mwanga wake ni dhaifu mno. Punje moja kati ya milioni kumi inatosha ukiwa na chupa nzima ya kimiminika. Haitoshi ukiwa na alama ya sumu juu ya ganda la nyanya.

Miaka minne baadaye, 1974, huko Southampton, Fleischmann, Hendra na McQuillan walikuwa wanaisikiliza kemikali iitwayo piridini ikiwa imenata juu ya kipande cha fedha kilichokwaruzwa. (Fedha ya pete na mikufu, siyo ya idara aliyofanyia kazi Raman.) Ishara waliyopata ilikuwa kubwa. Wao walidhani ni kwa sababu uso uliokwaruzwa unabeba molekuli nyingi zaidi. Mwaka 1977 Jeanmaire na Van Duyne wa Marekani, na Albrecht na Creighton wa Uingereza kwa upande wao, walipiga hesabu wakaona wingi wa molekuli hauwezi kuelezea. Mwanga wa Raman ulikuwa umezidishwa mara laki na zaidi. Kinachotokea ni kwamba elektroni za fedha, ikiwa katika vipande vidogo sana, huyumba pamoja kwa mdundo wa mwanga unaoziangukia, na kuyumba huko kunaukuza mwanga kwenye ngozi ya chembe, hasa katika nafasi finyu kati ya chembe mbili zilizokaribiana. Molekuli ikikaa katika upenyo huo, sauti yake hafifu inapigiwa kipaza sauti. Mwaka 1997 watafiti waliripoti kwamba walisikia molekuli moja tu.

Chembe zenyewe si uchawi. Kipenyo chake ni kama nanomita 50, yaani ukizipanga kwenye upana wa unywele mmoja zitakaa zaidi ya elfu moja. Tangu 1982 kuna njia maarufu ya Lee na Meisel ya kuzitengeneza: chemsha maji yenye nitrati ya fedha, tia chumvi ya sitreti, subiri. Ni upishi. Na mwaka 2010 kundi la Tian Zhongqun wa Chuo Kikuu cha Xiamen, China, lilieleza kwenye Nature jinsi lilivyozivisha chembe za dhahabu kanzu nyembamba ya silika, likazinyunyiza kama unga kwenye ganda la chungwa, likamulika, na likasikia parathioni, kiuatilifu, palepale juu ya ganda. Nilipofika hapo nilimkumbuka shangazi na kile kipande chake cha kanga.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Njia hii ina upendeleo. Sumu zenye salfa, kama thiramu na ndugu zake wa familia ya mankozebu, zinapenda kunata kwenye fedha na dhahabu, kwa hiyo zinasikika vizuri. DDT na jamaa zake wa klorini hazinati, na ni zenyewe ambazo nchi yetu inazo kwenye udongo: pale Vikuge, Kibaha, dawa zilizopitwa na wakati zilihifadhiwa vibaya hadi zikavuja, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakuta DDT na HCH ardhini miaka mingi baadaye. Pia chembe za leo na chembe za kesho zisipofanana, ishara haifanani, na kusema sumu ipo ni rahisi kuliko kusema ipo kiasi gani. Mashine kubwa za maabara, kama zile zinazotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao Arusha, hazitaondoka kwa sababu ya hili. Kinachowezekana ni kuchuja mapema: sokoni unamulika nyanya mia, zile tano zinazotia shaka ndizo zinazopanda basi.

Na si jambo la Xiamen peke yake. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamekuwa wakitumia mwanga wa Raman na chembe za fedha kuchunguza damu kwa ajili ya magonjwa kama kisukari. Kutoka Nairobi hadi Kwashemshi ni safari ya siku moja, na kutoka kwenye damu hadi kwenye ganda la nyanya si mbali zaidi.

Muhula uliopita, mimi na mwenzangu tunayesoma naye kemia tulipika chembe hizo. Nitrati ya fedha tuliyopewa ilikuwa ya kupima kwa jicho la huruma, kidogo mno. Mara ya kwanza tulipata matope meusi, maana chupa hatukuiosha sawasawa. Mara ya pili maji yalianza kuwa ya njano, yakazidi, yakawa ya kijivu chenye ukijani, kama vitabu vilivyoandika. Tulishangilia hadi fundi wa maabara akaja kuuliza kuna nini. Kisha tukatafuta mashine ya kumulikia, na mahali tuliposoma hapakuwa nayo. Tulipoulizia kwingine tukaambiwa tuandike barua. Barua tumeandika.

Chupa tuliiweka kabatini, imefungwa kwa karatasi ya foili isipigwe na mwanga. Nilikwenda kuitazama wiki iliyopita. Fedha imeanza kushikana na kutuama chini, kama unga wa kijivu, na maji ya juu yamebaki meupe. Mwenzangu anasema tutapika nyingine majibu yakija. Shangazi naye amepiga simu jana kuuliza kama nimeshajua, nikamwambia bado, akasema basi yeye anaendelea kufuta.